Sifa za Mpauko wa Rimu

Ngamia ana washairi wake, mnazi una wake, na hata nzi aliwahi kupata wakili: Lucian wa Samosata, aliyemwandikia sifa kwa Kigiriki katika karne ya 2. Mpauko wa rimu za spoti haujapata hata mstari mmoja. Unatukanwa kila gari linapooshwa, unafichwa kwa rangi ya kopo usiku wa kuamkia harusi, na mwenye gari akimwona mnunuzi anainamia tairi hukimbilia kusema, "Rimu nitazipuliza kabla hujachukua." Naomba basi, kwa niaba ya mnyonge huyu, nipewe nafasi niseme yake.

Tuanze na ukoo, maana kwa desturi mtu husifiwa kwanza kwa waliomzaa. Mama wa mpauko ni alumini, na mama huyu aliwahi kuwa malkia. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza kujenga Mnara wa Washington, walivika kilele chake kipande cha alumini, kwa kuwa zama hizo ilikuwa metali ya thamani. Mwaka 1886 Hall huko Marekani na Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakagundua njia ya kuitenga kwa umeme. Bei ikaporomoka, na malkia akaishia kuwa sufuria. Lakini kwenye magari aliingia kwa mlango wa mbele: Ettore Bugatti alimfunga kwenye gari lake la mashindano, Type 35, mwaka 1924. Rimu zake zilisubiwa kwa alumini, zina spoku 8 bapa, na ngoma ya breki imesubiwa pamoja nazo.

Baba wa mpauko ni hewa hii hii tunayovuta. Alumini ikikutana na oksijeni hujivika papo hapo utando wa oksidi, mwembamba hata jicho haliuoni, na utando huo ndio unaoizuia isiendelee kuliwa. Chuma hakikulelewa hivyo. Kutu yake hubanduka na kuacha kidonda wazi kwa kutu nyingine. Sasa sikilizeni ukoo unavyopanda. Oksidi hiyo ya alumini ikiwa fuwele na kuchanganyika na chembe za kromu, huitwa yakuti nyekundu, nayo huchimbwa Longido. Ikipata chuma na titani huwa yakuti samawi, na Bonde la Umba kule Tanga linajulikana kwa yakuti za rangi tele. Kwa hiyo bibi mwenye pete ya yakuti na kijana mwenye Corolla ya rimu zilizopauka wamevaa watu wa ukoo mmoja. Bibi alilipia, kijana kapewa bure, na cha ajabu ni kwamba anayeona haya ni kijana.

Ukoo huo una jambo jingine la kuchekesha. Chembe za msasa mwingi unaouzwa madukani nazo ni oksidi ya alumini. Fundi anapochuchumaa kusugua rimu, anamtuma ndugu akamfukuze ndugu yake. Na akiinua mkono tu, utando mpya umeshajifunika juu ya sehemu aliyoisafisha. Ugomvi wa ndugu, wahenga walishasema, chukua jembe ukalime.

Malezi ya mpauko nayo si haba. Kiwandani rimu hupakwa rangi, kisha klia juu yake, ili isiguswe na dunia. Ikishuka meli kutoka Japani na kutia mguu Dar es Salaam, dunia inaanza kuigusa. Kokoto inatoboa klia. Jua linaikausha. Chumvi ya bahari inapenya kwenye mkwaruzo mdogo na kuanza kutambaa chini ya klia, ikichora njia nyeupe nyembamba kama za mchwa ukutani. Breki nazo zinatema vumbi la chuma lililo moto, linaloganda kwenye rimu na kushika kutu hapo hapo. Halafu anatokea mwoshaji mwenye bidii na maji ya kostiki soda, anaona mapovu yanachemka, anafurahi kwamba uchafu unatoka. Yale mapovu ni haidrojeni, na kinachotoka ni rimu yenyewe.

Mlelewa huyu akikua, anajua kusoma na kuandika. Tazama gari lolote lililopauka rimu, utausoma wasifu wake. Rimu za mbele huanza kupauka kabla ya za nyuma, kwa sababu breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Ukikuta za nyuma zimechakaa kuliko za mbele, jua zimebadilishana nafasi, na uulize kwa nini. Rimu za kushoto zina makovu ya kukwaruza kingo za barabara, kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto na kupaki huko huko. Makovu yakiwa kulia pia, unamjua dereva kabla hujamwona uso. Rimu moja iking'aa na tatu zimepauka, kuna usiku ambao gari hilo halitaki kuuzungumzia.

Hapo ndipo ninapoifikia fadhila yake kuu, nayo ni ukweli. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kwenye biashara ya rimu za mtumba mambo yamegeuka, kibaya ndicho kinachong'arishwa ili kijiuze. Rimu iliyoingia shimoni kwa kasi huwa inapinda au kupasuka, mara nyingi kwenye mdomo wa ndani, upande unaotazama chini ya gari. Inachomelewa, inapakwa pati, inapigwa msasa, inapulizwa silva, inaning'inizwa mlangoni mwa duka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rimu iliyopauka haina pa kuficha ufa. Unaigeuza, unaitazama mgongoni mwa spoku, unaona alama ya JWL inayoonyesha kwamba imetengenezwa kwa viwango vya Japani, au huioni na unajua uko na nani. Mpauko ni shahidi asiyehongeka, na mashahidi wa namna hiyo hawapendwi popote.

Fadhila ya pili ni ulinzi. Mwizi wa rimu ni mtu wa hesabu. Ana usiku mmoja, jeki moja na matofali manne, naye hawezi kuvipoteza kwa kitu ambacho mnunuzi wake atakikunjia pua. Jirani mwenye rimu za kung'aa amefunga nati zenye ufunguo wa pekee, ameweka taa getini, analala kwa zamu na mlinzi. Mwenye mpauko anakoroma.

Fadhila ya tatu ni kwenda na wakati. Mwaka 1996 kampuni ya Rays ya Japani ilitoa rimu iitwayo TE37, jina lililotokana na uzito wa kilo 3.7 katika saizi ya inchi 15, na rangi iliyoipa umaarufu ni ya shaba, isiyo na mng'aro wa kioo. Tangu hapo vijana hulipa fedha nzuri wapate rimu za rangi ya shaba, ya moshi, ya risasi, zisizong'aa. Mpauko unawapa wote waliokosa fedha hizo, na haudai hata ya chai. Kama watu wa mitindo wanataka rimu ising'ae, hapa tuna isiyong'aa kwa asili na kwa moyo wake wote.

Fadhila ya nne ni ajira. Bila mpauko, nusu ya mazungumzo ya gereji yangekufa.

"Bosi, hizi rimu zinakuaibisha. Nikupigie silva na klia, jioni unachukua."

"Utatoa tairi?"

"Za nini bosi? Tunaziba kwa gazeti."

Kwa sentensi hiyo ya mwisho mpauko umeshashinda, maana kazi ya gazeti ndiyo inayoulisha. Rangi ikipulizwa juu ya grisi na vumbi la breki haina cha kushika. Kwenye alumini tupu bila praima inayofaa, haikai pia. Mvua mbili tatu, inabanduka vipande vipande, na mpauko unarudi ukiwa na wajukuu.

Haki inanilazimu nimtaje pia adui wa kweli, kwa sababu msifu asiyemtaja mpinzani ni mpambe. Fundi mwenye subira huvua tairi. Huosha rimu mpaka grisi iishe, huitoa rangi ya zamani yote, huzifukua zile njia nyeupe hadi alumini safi, ndipo hupiga msasa wa maji. Akitaka kupaka rangi, huishia kwenye msasa wa wastani ili praima ipate pa kushika. Kisha rangi, kisha klia, na kila mkono huachwa ukauke. Haweki rangi pale nati zinapokaa wala uso unaokutana na habu, kwa sababu rangi nene hapo hupondeka gari likitembea, nati zikalegea. Akitaka kioo, hupanda namba baada ya namba, 400, 800, 1500, 2000, halafu polishi mpaka ajione ndevu. Wengine hupeleka kwenye rangi ya unga inayookwa kwa nyuzi joto karibu 200. Oveni ikizidi au ikikawia, aloi yenyewe hupungua nguvu, ukabaki na rimu nzuri ya kutazamwa tu.

Kazi hiyo ni safi, nami sina neno baya juu yake, ila bei. Mtu huyo atatumia fedha za matairi mawili mapya kuipendezesha rimu inayozunguka kwa kasi ambayo hakuna jicho litakaloiona, halafu atamaliza mwaka mzima akikwepa matope. Alumini aliyoing'arisha bila klia itaanza kufifia mara moja. Aliyoifunika kwa klia itangoja kokoto ya kwanza. Matairi yake, wakati huo, yamebaki na upara. Mwenye mpauko alinunua matairi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nilihofu sifa hizi zisije zikauharibu mpauko. Hofu ya bure. Ukisifiwa unaenea, ukitukanwa unaenea, ukipakwa klia unangoja. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye rimu zilizopauka ni mfupi: kagua nyufa, kaza nati, jaza upepo, na jirani akikuuliza kwa nini hujazipuliza, mjibu kwa upole kwamba mtu hapaki rangi yakuti.