Jinsi ya Kupima Mzigo Usiouona

Anza kwa kutafuta mizani. Ya dukani haitatosha: unahitaji kundi zima la galaksi. Ninalolipenda mimi ni Kundi la Risasi, kwenye kundinyota la Mkuku, umbali wa miakanuru bilioni 3.7 hivi. Usihangaike na nauli, mwanga wake umeshafika.

Mizani hii hupima uzito kwa jinsi unavyopinda mwanga, na usikatishwe tamaa na wakubwa. Mwaka 1936 Einstein aliandika kwamba hakuna tumaini kubwa la kuona nyota ikipinda mwanga wa nyota iliyo nyuma yake. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Fritz Zwicky akashauri tutazame galaksi badala ya nyota. Mfuate Zwicky.

Sasa piga picha ya galaksi zilizo nyuma kabisa ya kundi lako. Mwanga wake ukipita karibu na uzito mkubwa hupinda, na umbo la galaksi huonekana limevutwa kidogo. Galaksi moja usiiamini, huenda ndivyo ilivyo tangu mwanzo, ndefu na nyembamba. Kusanya mamia. Pasipo kitu cha kuzivuta, hii imelalia huku na ile kule, na ukitafuta wastani, mielekeo hiyo inafutana. Ukiona wastani haufutiki, na galaksi zimelala kana kwamba zinazingira mahali fulani, hapo pana uzito, hata kama ni patupu machoni. Mvuto huo ni mdogo mno kuonekana kwenye galaksi yoyote peke yake, na bado hesabu inaunasa! Kazi hii inachosha, lakini usimpe mtu mwingine raha yake.

Kisha chukua picha ya eksirei ya darubini ya Chandra. Kundi la Risasi ni makundi mawili yaliyopitana kwa kishindo. Galaksi zilipishana bila kugusana. Gesi ya huku ikagongana na ya kule, ikachemka, ikabaki nyuma katikati. Gesi hiyo ina uzito mkubwa kuliko nyota zote za humo, kwa hiyo ungetarajia mizani ielemee kwake.

Weka ramani ya uzito uliyoipata kwa galaksi za nyuma juu ya picha hiyo ya eksirei, kama Douglas Clowe na wenzake walivyofanya mwaka 2006. Uzito mwingi uko pembeni, pamoja na galaksi, mbali na gesi. Kuna kitu kilichopenya ajali ile bila hata kupunguza mwendo: ndiyo maada ya giza.

Ukitaka mazoezi zaidi, darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inakusanya maumbo ya galaksi zaidi ya bilioni 1.