Dakti Iliyotoka Jasho Likoni

Ukitaka kumjua mtu wa bara aliyeshuka Mombasa leo asubuhi, mtazame shati. Ukitaka kuijua programu iliyoshuka naye, tazama unene wa sufi inaoupendekeza kwa dakti ya kiyoyozi bila kuulizwa.

Templeti tunayochorea ofisini kwetu Changamwe ililetwa kutoka Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako mtu akisikia joto hufungua dirisha na habari ikaisha. Ndani yake, ukitaka kuifunga dakti, hupendekezewa sufi ya glasi ya milimita 25. Huku kwetu usiku wa Machi, kaskazi imechoka na kusi haijaingia, hewa inaweza kuwa na nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85. Hewa ya namna hiyo hutema maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi, na dakti hupitisha hewa ya nyuzi 13. Kaweke soda baridi juu ya meza ya kibanda pale Magongo uone: chupa haikupasuka, lakini meza imelowa. Sasa ilaze chupa hiyo darini, juu ya watu waliovaa hariri.

Kazi yenyewe ilikuwa ukumbi wa harusi, Likoni. Mwenye ukumbi, mzee mmoja mwenye sauti ya upole na misimamo ya chuma, alitoa agizo moja tu: "Mwanangu, mimi nataka baridi. Bibi harusi asiyeyuke mbele za watu."

Kuchora dakti kwenye Revit, programu yetu ya kuchorea, ni raha. Unavuta mstari, bati lajikunja, kiwiko chajitia chenyewe kwenye kona. Taabu iko kwenye konekta. Kila mashine ina midomo, na kila mdomo lazima uambiwe kama unatoa hewa au unapokea, na kama hewa hiyo ni ya kwenda ukumbini au ya kurudi. Kijana wetu mmoja alipakua mashine ya bure mtandaoni, na aliyeitengeneza, Mungu amsamehe popote alipo, alikuwa ameiambia midomo yote ipokee. Programu haikupiga kelele. Ilikokotoa kwa adabu, ikatujulisha kwamba ukumbi wa watu 400 utapata hewa lita sifuri kwa sekunde. Kijana akapanua dakti. Sifuri. Akapanua tena, mpaka tuktuk ingepita ndani na abiria wake, na bado sifuri. Umeme ulipokatika tukashuka kunywa kahawa, na huko kwenye giza la heri ndiko alikokumbuka kutazama mishale ya konekta. Mmoja ukageuzwa, hewa ikatoka.

Sufi nayo ina hila yake. Dakti ya kimo cha milimita 300 huendelea kuandikwa 300 hata ukiifunga 50 juu na 50 chini. Kwenye karatasi ni 300, darini ni 400. Tena ukichagua dakti zilizonyooka peke yake, viwiko vyabaki uchi na hakuna wa kukwambia. Sisi tuliiacha 25 ya Nairobi, tukavifunga vyote kwa 50, tukaona kwamba chini ya boriti pana nafasi ya 380 tu, tukamwandikia mkandarasi kwa herufi nyekundu: dari ishuke.

Mzee akakataa. Dari ikishuka, taa za vioo alizoagiza Dubai zitagusa vilemba. Mkandarasi, mtu wa amani asiyegombana na mwenye pesa, akampa fundi wake wa Kisauni maagizo ya mdomo. Penye boriti sufi ikakatwa. Kwenye viwiko haikufika kabisa, kwa maelezo kwamba kona haina kazi, hewa yapita tu.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya wanawake, usiku, kwa hiyo haya ninayo kutoka kwa shangazi yangu, ambaye hapunguzi chumvi. Tone la kwanza lilimpata mpiga video. La pili liliingia kwenye sharubati. La tatu lilitua begani kwa bibi harusi, kimya kikaingia. Mama mmoja wa upande wa bwana akatoka nje kutazama mbingu, akarudi na hukumu: "Nyota tupu. Hii si mvua, hii ni hasadi." Ubani ukawashwa. Dakti ya kurudi ikauvuta moshi, ya kwenda ikaugawa ukumbi mzima, kwa usawa ambao hesabu zetu hazijapata kuutoa. Konekta zilikuwa sawa kabisa.

Asubuhi mzee alinipigia. "Mwanangu, nyumba yangu yalia na jua liko."

Nilipanda ngazi pamoja na fundi, tukatoa kipande cha dari. Kiwiko kiling'aa. Kwenye pembe ya flanji tone lilikuwa likivimba taratibu; likajaa, likatambaa kwenye chuma cha kuning'inizia, likadondoka. Pembeni, palipokatwa, sufi ilikuwa imekunywa maji hadi karatasi yake ya fedha ikatoa kitambi.

"Injinia," fundi akaninong'oneza, "haya si ya bomba. Nimeyaonja."

Dawa ilipatikana bila kuzigusa taa za Dubai: penye boriti tufunge mpira mweusi wa milimita 32, jumla 364, na kwingine kote sufi mpya ya 50, viwiko vikiwamo, kila kiungo kikibandikwa utepe ili mvuke usipenye. Marobota yalinunuliwa kisiwani, yakapakiwa mkokotenini na kusukumwa hadi kwenye feri.

Mkokoteni uliposimama, mama mmoja mwenye kapu la mboga alikaa juu ya robota la sufi, akashusha pumzi. Nikamwendea kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Samahani, hiyo hufanya kazi kwa hewa iliyomo ndani. Ikikandamizwa yaharibika."

"Marahaba mwanangu," akasema. Akasogea pembeni kidogo, ili na mwenziwe apate kukaa.