Jinsi ya Kusikiliza Muziki wa Majaribio Bila Kushtukiwa

Umealikwa Nairobi, usiku wa muziki wa kiasili uliochanganywa na pop ya vijana wasiotaka kampuni za muziki, au wasiotakwa nazo. Usitie shaka. Fuata hatua hizi.

1. Usiwahi kupiga makofi. Tangazo linasema saa moja jioni, saa mbili fundi mitambo bado anaita "cheki, moja, mbili." Mwaka jana nilishangilia kwa nguvu, nikanong'onezwa kwamba wanajaribu vyombo tu. Wimbo wenyewe ulipoanza, ulikuwa ule ule. Tangu siku hiyo mimi humtazama jirani kwanza.

2. Vaa kama hukujali. Shati la mtumba la Gikomba litafaa, mradi lisipigwe pasi.

3. Cheza kwa kichwa peke yake. Dada mmoja atapiga kinanda cha watoto kinacholia kama bata mwenye mafua. Fumba macho. Ukiulizwa umeonaje, jibu: "Ule ukimya wa katikati." Wakianza kuzungumzia bendi ya Just a Band, waachie wengine video yao ya Makmende ya 2010, wewe taja albamu ya kwanza, ya 2008, hata kama hujawahi kuisikia.

4. Nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, ikitokea, toa simu urekodi. Usipoteze muda kutazama. Utakosa tu nyuzi nane, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ukingo wa chombo huku mpigaji akiimba. Mtu mmoja, bendi nzima. Kijana niliyemwona akiipiga aliongeza na kidude cha kukanyaga kinachorudiarudia sauti, kana kwamba kuna kiungo chake kilichokuwa kimekaa bure.

5. Nyamaza kama uko kanisani. Hii ndiyo kanuni kuu, na ndiyo ambayo nyatiti yenyewe haiijui. Kwa Waluo kuna pakruok: msikilizaji humkatiza mwanamuziki, hutoa pesa, hujisifu mbele ya watu, ndipo muziki huendelea.

Mzee mmoja aliyeletwa na mjukuu wake hakuwa amesoma mwongozo huu. Katikati ya wimbo alisimama. "Kijana, shika hapo!"

Tukamgeukia kwa macho makali. Mjukuu akamvuta koti: "Babu, tafadhali, kaa!"

"Nikae na pesa ninayo?"

Nyuzi zilinyamaza, lakini kidude kiliendelea kuimba peke yake, hadi kijana alipoinama kukizima. Mzee akaweka noti ya mia mbili miguuni pa kijana. Akajisifu yeye, akamsifu marehemu mkewe, akamalizia na fahali wake mweusi.

"Haya, mwanangu, endelea."

Kijana alianza upya bila kidude, na jina la yule mama likaingia ndani ya wimbo. Ulipoisha tulipiga makofi sote. Safari hii sikumtazama jirani.