Sifa za Mnunuzi Asiyeuliza

Wako watu wakaidi ambao, wakionyeshwa reale ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780, huomba mizani kwanza, wakataka kuhakikisha kwamba yatimia gramu 28 na chembe, wakahesabu fedha halisi iliyomo, isiyofika gramu 24, kisha, bila ya haya, wakauliza ya namna hiyo iliuzwa kwa kiasi gani katika mnada uliopita. Na hilo ni tusi gani kwa muungwana mwenye duka! Nani aliyepata kumpima biarusi kwa ratili, au kuuliza kiasi cha sukari kabla ya kuitia halua kinywani?

Mimi namsifu yule mwanafunzi wa sarafu niliyemwona Mji Mkongwe, ambaye hakujishughulisha na habari kwamba baada ya Malkia Maria Theresa kufariki mwaka huo huo wa 1780, viwanda vya Vienna, London, Rome na Bombay, kwa heshima ya marehemu bila shaka, viliendelea kuifua reale hiyo bila ya kuigusa tarehe yake. Alilipa kwa moyo mkunjufu thamani ya miaka yote hiyo, akaenda kwake akaisugua kwa majivu na ndimu hata ikang'ara kama sufuria ya arusi, akaiondolea ule weusi ambao wajuzi, kwa uvivu wao wa kuosha vyombo, huulipia zaidi.

Sasa anatafuta ya pili, na mwenye duka, kwa ihsani yake, amekwisha kumwekea nyingine adimu, ya 1780.