Mshenga Ameoa

Tangu juzi hapa Chanzuru naitwa Baba Sabuni. Leo asubuhi mtoto wa darasa la pili kanisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo, Baba Sabuni." Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Nilimwahidi mjomba, mwenye mashine ya kusaga, dizeli ya bure. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA ikitangaza bei kikomo za mafuta, mjomba hushika tama kama aliyefiwa. Mimi nilikuwa na ndoo ya mafuta machakavu ya chipsi na samaki kutoka Kilosa mjini, methanoli niliyoagiza Dar, na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Nikavichanganya, nikaumimina mchanganyiko kwenye tangi la injini kabla haujapoa. Mjomba akapiga hendeli. Injini ikaitika tu-tu-tu, moshi ukatoka unanukia sato wa kukaanga, watoto wakaja mbio, na mama mmoja kwenye foleni akauliza kipande shilingi ngapi. Dakika kumi hivi nilikuwa mtu mkubwa wilaya nzima. Kisha injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Mahindi ya watu nusu unga, nusu chenga. Fundi akafungua filta, akaingiza kidole, akatoa kitu cheupe kinachotikisika kama uji uliolala. Akakisugua na maji. Kikatoa povu.

"Mjomba," mjomba akaniambia taratibu, mbele ya kina mama wote na madebe yao, "umeniogeshea injini."

Nieleze, maana jambo lenyewe ni tamu. Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni inakandamiza hewa mpaka inakuwa ya moto wa kuunguza, halafu nozeli inapuliza mafuta kama ukungu, yanawaka yenyewe. Mafuta ya kula ni mazito mno kwa kazi hiyo: badala ya ukungu yanatoka kama mkojo wa mtoto, hayaungui yote, na masizi yanaganda kwenye nozeli. Ndiyo maana wajuzi huyapasha moto kwanza, au huyavunja.

Kuvunja ndiko kulikoniponza. Mafuta ni mama mmoja, gliserini, aliyeng'ang'aniwa na mabinti watatu. Methanoli ni bwana harusi: kila binti anapata wake, mama anabaki mpweke na kuzama chini ya ndoo, juu inaelea dizeli safi. Kostiki ni mshenga tu. Anaunganisha watu, anaondoka kama alivyokuja. Lakini mafuta yakikaangiwa siku nyingi, au yakiingia maji, mabinti wengine wanakuwa wameshatoroka nyumbani kabla ya posa. Mshenga akiwakuta barabarani anawaoa mwenyewe. Ndoa hiyo ndiyo sabuni. Kinga yake ni kuchemsha maji yaishe na kupima uchachu wa mafuta kwanza. Sikupima.

 

Katika maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na mwenyewe alisema waliogundua walikuwa wachache. Yangu iligunduliwa na foleni nzima.

Ila hapa utani unanikauka mdomoni. Miaka ile ya 2000 tuliambiwa mbono, huu huu wa kuzungushia ua, ni dhahabu ya kuendeshea magari. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji. Mwaka 2011 ikafilisika, na wanavijiji wakabaki kuulizia mashamba yao. Wale waliitwa wawekezaji. Mimi na ndoo yangu moja ndio Baba Sabuni.

Mke wangu ameikata ile sabuni iliyoganda ndooni, vipande kumi na sita. Mjomba ametuma mtoto achukue viwili. Hela ya nozeli, anasema, iko palepale.