Kikoi Kilipofunguka Mutrah

Wenzangu ofisini Maskati walipita na dishdasha zao nyeupe zisizo kola, hewa ikiingia itakavyo, na mimi suruali imeninata mapajani. Mtu wa Iringa ana kikomo chake, na kikomo changu kilikuwa Juni. Nikaenda kwa fundi. Akanishonea kanzu kamili, pamoja na furakha, kile kishada kifupi cha kooni ambacho kazi yake ni kutiwa manukato. Nilikitia kwa moyo wote. Kwenye lifti, watu wawili walishuka kabla ya ghorofa yao.

Kofia haikunisumbua, ile kumma ni ndugu wa kofia za viua za Unguja na Lamu. Kilemba ndicho kilichonitoa jasho, maana ni cha sufu. Sufu, Juni, Maskati! Kila nikiinama kusaini kilishuka mpaka puani, hadi jirani yangu wa meza akazoea kukisukuma juu bila kukatiza simu yake.

Usiku nilisoma Kiarabu. Maamkizi ya kule yalinipendeza: wanaulizana habari, mgeni anajibu hakuna ila kheri, kisha kwenye kahawa ya pili anataja kwamba gari lake limepinduka. Hapo sikuhitaji mwalimu. Sisi husema "nzuri" hata tukiwa tumelazwa.

Basi nikaenda soko la Mutrah kununua ubani wa Dhofar. Sentensi yangu niliipanga tangu kwenye teksi. Muuzaji akanisikiliza kwa heshima, ile heshima ya mtu anayeuma midomo asicheke. Sasa, chini ya dishdasha huvaliwa wizari, yaani kikoi, na kikoi hakina mkanda. Kinashikiliwa na imani. Tukiwa katikati ya bei, nikahisi kitu kinateremka taratibu kuelekea kwenye viatu.

"Baba, kikoi hicho chakutoka," ikasema sauti ya bibi nyuma yangu.

"Pita huku ndani ujifunge, yakhe," akadakia muuzaji.

Kiunguja kitupu, wote wawili! Familia nyingi za Kiomani zilihama Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na nyingine zikaja baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani wa nje warudi. Na huyu muuzaji ameniacha nihangaike na Kiarabu changu mpaka jasho likanifika visigino.

Nikajifunga nyuma ya magunia ya ndimu kavu, nikatoka na adabu zangu zote.

"Shikamoo bibi. Yaani umeniokoa kinoma."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Iringa."

Akamgeukia muuzaji. "Maskini. Ndo maana Kiswahili chake kibovu."

Siku hizi kila Ijumaa baada ya alasiri niko barazani kwa bibi yule. Kuna halua, kuna kahawa anayoendelea kumimina mpaka utikise kikombe, na kuna kusahihishwa. Mwalimu wangu wa Kiarabu nimemwomba anisubiri, kwanza nimalize Kiswahili.