Kent Inatutahini Sote

Ukiwakuta Waswahili wa Gravesend wananong'onezana kwenye lango la shule, usidhani ni umbea. Wanaulizana mtoto wa nani kapelekwa twisheni kwa nani. Sehemu kubwa ya Uingereza ilikwishaacha kuwachuja watoto wa miaka kumi kwa mtihani wa kuingia sekondari za grammar, lakini mkoa wa Kent umeung'ang'ania utaratibu ulioota mizizi baada ya Sheria ya Elimu ya 1944. England nzima zimebaki shule za grammar 163 tu za serikali, na hapa kwetu huwezi kwenda kununua maziwa bila mtu kukutajia mojawapo. Wapo wasemao mtihani huu hauhitaji twisheni. Walimu wa twisheni wanakubali kabisa, kisha wanakuuliza utaanza lini.

Binti yangu alipojiandaa, hesabu na Kiingereza havikutusumbua. Balaa ni karatasi ya mantiki: pembetatu imebinuka, duara limetiwa weusi nusu, nawe uchague umbo linalofuata. Jioni moja printa iliishiwa wino, ikatoa maumbo yote yamepauka sawasawa. Binti akachagua B. Mimi nikashikilia D, tena kwa hoja nzito. Shemeji yangu, fundi umeme aliyepita kurudisha drili tu, akaapa ni A, akavuta kiti. Wali ukapoa. Tulipofungua majibu kwenye simu, yale maumbo yakaonekana yana madoa ambayo hakuna aliyeyaona pale mezani, na jibu likawa C. Shemeji mpaka leo hajakubali.

Mama watoto naye alikuwa na saa moja ya jikoni, ya kupimia mazoezi na pilau pia. Ikilia, binti anaweka penseli chini, mama anakimbilia sufuria, na hakuna ajuaye kilichoiva ni kipi.

Mtihani wenyewe ulifika Septemba, mwanzoni mwa darasa la sita, na aliufanyia shuleni kwake pale pale. Baada ya vishindo vyote vile, nilitaraji walau tusafiri. Aliporudi nikamuuliza ulikuwaje.

"Mchana tulikula pizza," akasema, akapanda ngazi.

Usiku bibi yake akapiga simu kutoka Tanga.

"Amefaulu?"

"Matokeo ni Oktoba, mama."

"Basi asikae bure, mwanangu. Mwambie aendelee kuusomea."